Mtu mwenye miguu mitatu: michoro ya watoto na dalili za ukatili wa kingono

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Mwezeshaji aliikunjua juu ya meza, nasi kumi na wanane tukaiinamia. Ilikuwa siku ya pili ya mafunzo, ndani ya ukumbi wa mabati kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Walikuwamo walimu wa shule za msingi, wakunga wawili, wahudumu wa afya wa vijijini, askari wa kitengo cha familia na watoto, na sisi wa ustawi wa jamii. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha kambi za polisi, na changu mimi nilichokulia nacho Arua. Mchoraji alikuwa mtoto wa miaka mitano. Alikuwa amechora mtu mmoja mkubwa, kichwa kama chungu, mikono hana, na katikati ya miguu yake kuna kitu kirefu kinachofika mpaka chini.

Tuliambiwa tuandike tunachokiona. Jirani yangu aliandika: "Dalili. Ipelekwe polisi." Niliyoandika mimi hayakuwa mbali na hayo. Karibu ukumbi mzima tulikuwa tumekwisha kumkamata mtu. Ndipo mwezeshaji akatusomea maneno ya mtoto mwenyewe, yaliyoandikwa siku ileile aliyochora: "Huyu ni babu. Hii fimbo yake. Babu bila fimbo anaanguka."

Sijawahi kuusahau ukimya uliofuata. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja wetu aliona jinsi mzee mmoja asiye na hatia angeweza kuamka asubuhi na kukuta pingu mlangoni. Na mimi nilikumbuka jambo jingine lililoniuma zaidi: kwa miaka mitatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimebeba kwenye mkoba orodha ya "dalili za unyanyasaji katika michoro", kurasa mbili zilizodurusiwa mara nyingi hata herufi zimefifia, nikiitumia kama vile mganga anavyosoma bao.

Orodha hizo zimezagaa Uganda nzima, kwenye warsha za siku moja, kwenye simu, kwenye makabati ya shule. Nia ya wanaozigawa ni njema. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2015, uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Wasichana 35 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wavulana walikuwa 17 katika kila 100. Polisi nao huandikisha kesi za unajisi wa watoto zaidi ya elfu kumi kila mwaka. Mwalimu mwenye darasa la watoto mia moja akisikia hesabu hizo, kisha akaambiwa kuna njia ya kumtambua mtoto aliyeumizwa kwa kutazama tu alichochora, ataikumbatia njia hiyo kwa mikono miwili. Nami niliikumbatia.

Orodha ilivyotufikia

Mwaka 1926, Florence Goodenough wa Marekani alitoa kipimo cha kumwambia mtoto achore mtu. Alihesabu vipengele, yaani macho, vidole, nguo, ili kukadiria akili ya mtoto. Mwaka 1949 Karen Machover akaenda mbali zaidi: alidai kuwa mchoro wa mtu unafichua nafsi ya aliyechora, woga wake na magomvi yake ya ndani. Kutoka hapo wataalamu wengine wakaanza kuvipa vipengele maana moja moja. Asiye na mikono anajiona hana nguvu, mwenye meno makubwa ana hasira, na kadhalika.

Uchunguzi wa mwaka 1987 ulioongozwa na Roberta Hibbard ndio ulioipa orodha uzito wa kitabibu. Ulilinganisha michoro ya watoto walioshukiwa kufanyiwa ukatili wa kingono na ya watoto wengine, ukaona kwamba waliochora sehemu za siri walipatikana zaidi katika kundi la kwanza. Sentensi hiyo ndiyo iliyosafiri mpaka kwetu. Iliyobaki nyuma ni kwamba hata katika kundi hilo la kwanza, watoto walio wengi mno hawakuchora kitu cha namna hiyo. Mwaka 2012 Brian Allen na Chriscelyn Tussey walikusanya tafiti zilizokuwapo na kuzichambua, wakahitimisha kwamba hakuna alama hata moja ya mchoro, wala mfumo wowote wa kuzipa alama hizo maksi, wenye ushahidi wa kutosha kumtambulisha mtoto aliyenyanyaswa.

Tufanye hesabu ndogo, ya kubuni, ili tuone kwa nini. Chukua shule ya watoto 400, na tuseme 100 kati yao wameumizwa. Tuseme alama fulani hujitokeza kwa watoto 10 katika kila 100 walioumizwa, na kwa 2 tu katika kila 100 wasioumizwa. Kwa maneno ya warsha, alama hiyo "hujitokeza mara tano zaidi", na inasikika kuwa ni kubwa. Sasa kusanya karatasi zote. Utashika 10 za walioumizwa na 6 za wasioumizwa. Familia sita zitavurugwa bure. Lakini hao sita si hasara kubwa kuliko zote. Watoto 90 walioumizwa wamechora nyumba, maua, mpira na gari, na mwalimu ameweka karatasi zao kando akishusha pumzi: "Hawa wako salama." Mimi naona hapo ndipo orodha inapoua, kwa sababu inampa mtu mzima ruhusa ya kuacha kutazama.

Halafu kuna sisi wenyewe na mazingira yetu, ambayo waandishi wa orodha hawakuyajua. Orodha yangu ilisema mvua ni huzuni. Isingiro iko kwenye ukanda wa wafugaji, ambako ukame huja na kurudi. Mtoto wa huku akichora mvua anachora sherehe. Ilisema rangi nyeusi ni hofu. Kwenye eneo letu rafiki kwa watoto, boksi la kalamu za rangi hufika likiwa na rangi kumi na mbili, na baada ya wiki tatu limebaki jeusi, kahawia, na kipande cha zambarau kisichoshikika. Nyekundu na njano huisha kwanza. Ilisema mtu asiye na mikono ni ishara ya kukosa nguvu, wakati watoto wa miaka mitatu hadi mitano, karibu dunia nzima, huchora mtu kama kiluwiluwi: kichwa kikubwa chenye miguu inayotokea kidevuni, basi. Mtoto wa miaka minane aliyetoka Kivu Kaskazini bila kuingia darasani hata siku moja, ukimpa penseli leo, naye atachora kiluwiluwi, kwa sababu mkono wake ndiyo kwanza unajifunza.

Na sehemu za siri? Mtoto wa mfugaji wa Ankole hukuchorea fahali kamili, hakuna kilichoachwa, maana kwao hicho ndicho kinachomtofautisha fahali na jike. Mtoto wa Mbale, katika miaka shufwa, huwaona vijana wakitahiriwa hadharani kwenye imbalu, katikati ya ngoma na umati. Akichora mwanamume na kisu, anachora alichokiona uwanjani. Mtoto anayelala chumba kimoja na wazazi kwenye "mizigo" ya Kampala, yaani vile vyumba vidogo vya kupanga, pazia ndilo ukuta, anaweza kuchora jambo alilolisikia na kulichungulia usiku. Mwingine ameonyeshwa video kwenye simu ya kaka yake, na hilo lenyewe ni tatizo linalohitaji mtu mzima.

Sisemi michoro hiyo ipuuzwe. Mtoto wa miaka sita akichora tendo la ndoa kwa undani usiolingana na umri wake, lazima mtu akae naye, tena upesi. Ninachosema ni kwamba karatasi imekuletea swali. Jibu analo mtoto.

Mdomo hufunguka mkono ukiwa na kazi

Kama mchoro si kipimo, kwa nini tusiuache? Kwa sababu unafanya kazi nyingine, na hiyo inaifanya vizuri.

Mwaka 1995 watafiti wa New Zealand, Butler, Gross na Hayne, waliwapeleka watoto wadogo kutembelea kituo cha zimamoto, kisha wakawauliza walichokiona. Wengine walisimulia tu. Wengine walichora huku wakisimulia. Watoto wa miaka mitano na sita waliochora walikumbuka na kueleza mengi zaidi. Wa miaka mitatu na minne hawakupata faida hiyo, na ni vyema wanaofundisha walimu wa chekechea wakalikumbuka. Mwaka 2010, Katz na Hershkowitz wa Israel walifanya jambo la karibu zaidi na kazi yetu: kati ya watoto 125 wa miaka 4 hadi 14 walioaminika kufanyiwa ukatili wa kingono, baadhi walipewa dakika chache za kuchora kilichotokea baada ya mahojiano ya kwanza, kisha wakahojiwa tena. Waliochora walieleza mengi zaidi, kwa maneno yao wenyewe. Hakuna aliyewasomea michoro yao. Walipewa nafasi tu.

Kwetu naona sababu nyingine ambayo vitabu vyao havikuihitaji. Mtoto aliyelelewa kwa adabu hamtazami mkubwa machoni anapoulizwa. Ukimkalisha uso kwa uso na kumtaka aseme jambo la aibu, umemwekea mizigo miwili kwa mpigo. Karatasi inampa pa kuweka macho. Kalamu inampa sababu ya kunyamaza kidogo bila kuonekana mkaidi, kisha kuendelea.

Binti mmoja, nitabadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane, alichora nyumba yao mbele yangu. Mchoro safi kabisa: jua, mlango, mti wa parachichi, kuku wawili. Orodha yangu ya zamani isingepata kitu hapo. Nilimwambia, "Nisimulie kuhusu nyumba hii." Akanionyesha jiko, akanionyesha mama anapoweka madumu ya maji, akapaka kuku rangi ya kahawia taratibu, mabawa kwanza. Alipofika dirishani mkono ukasimama. "Hapa analala mjomba. Mama akienda soko, mjomba ananiita hapa." Nikasema, "Enhee." Akaendelea kupaka kuku. "Sipendi siku ya soko," akasema. Nikamwambia, "Niambie kuhusu siku ya soko." Yaliyofuata aliyasema yote bila kuinua macho, na kuku wa pili alikuwa amepakwa mpaka karatasi ikatoboka.

Neno moja lenye watu wawili

Mafunzo yakiishia kwenye "mpe mtoto karatasi azungumze", yamemkabidhi mtu panga bila kumwonyesha makali. Mwaka 2000, Bruck, Melnyk na Ceci waliwaonyesha watoto wadogo mchezo wa mazingaombwe. Baadaye waliwakumbusha mambo ya kweli na mengine ambayo hayakutokea, nusu yao wakiambiwa wayachore. Waliochora waliyakumbuka vizuri zaidi ya kweli, na waliyakumbuka vizuri zaidi ya uongo pia. Ukimwekea mtoto neno mdomoni kisha ukamwambia alichore, umelipigilia msumari. Kule California, kesi ya shule ya awali ya McMartin ilianza mwaka 1983 kwa shutuma za kutisha. Watoto wengi walihojiwa kwa maswali ya kuwaongoza, na mwaka 1990 ikaisha bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Kama walikuwamo watoto walioumizwa kweli, nani angewatenganisha tena?

Hapa lugha yetu inahitaji uangalifu wa pekee, na hili sijalisikia likifundishwa vya kutosha. Tazama neno "alikushika". Ni neno moja tu, lakini ndani yake kuna mtendaji, kuna mtendwa ambaye ni wewe, kuna wakati uliopita, na kuna tendo. Anayeuliza "alikushika wapi?" anadhani ameuliza kuhusu mahali. Kumbe amekwisha mwambia mtoto kwamba yupo aliyeshika, na kwamba aliyeshikwa ni yeye. Kimebaki kiungo tu cha kujaza. Kiswahili hukuruhusu kuingiza kesi nzima ndani ya kitenzi, na masikio hayashtuki.

Lakini lugha hiyohiyo imetupa dawa. Haitulazimishi kusema mwanamume au mwanamke: "yeye" ni yeyote. Kwa hiyo usimpe mtoto jinsia ambayo hajaitaja. Na tuna maneno mafupi ambayo hayabebi kitu: "Ikawaje?" "Halafu?" "Enhee, endelea." "Nisimulie hapa." Bibi akisimuliwa hadithi hakosi kusema "ikawaje?", na mtoto analijua neno hilo kama neno la mtu anayesikiliza.

Lingine ni majina tunayoyapa mambo haya. Mtoto wa Kiswahili mara nyingi atasema "alinifanyia tabia mbaya". Usimtafsirie. Muulize tabia mbaya ni nini kwake, kwa sababu kwa mtoto mmoja ni kubakwa, kwa mwingine ni kutukanwa. Redio za Luganda huutaja unajisi kwa msemo wa "okujjula ebitannaggya", yaani kupakua chakula kisichoiva. Watu wazima husikiliza na kutabasamu, na mtoto aliyeumizwa anasikia jambo lake likigeuzwa sufuria. Hata "sehemu za siri" inanitatiza, maana siri ndilo neno alilotumia yule aliyemuumiza. Siku hizi tunawafundisha watoto majina ya viungo vyao kama tunavyowafundisha kiwiko na goti.

Na kuna Kiswahili chenyewe. Kwa mtoto aliyekulia Bukavu ni lugha ya mama. Kwa familia nyingi za Buganda ni lugha iliyowafikia kwenye vizuizi vya barabarani, midomoni mwa wanajeshi, na woga huo hurithiwa. Askari mwema akimsemesha Kiswahili mtoto wa Masaka, mtoto anaweza kufunga mdomo kwa sababu isiyo na uhusiano na kilichomtokea. Ulizia kwanza mtoto anaota kwa lugha gani, kisha tafuta mtu wa lugha hiyo, asiwe ndugu yake.

Mtoto akisema

Mwenye mafunzo hafi moyo hapa, kwa kuwa kazi yake ni ndogo na inajulikana. Usimwahidi kuwa hutamwambia mtu. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumlinda. Mwambie hana kosa. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na swali lako pia, pamoja na tarehe na waliokuwapo. Mchoro uache kama ulivyo, usiandike juu yake, uhifadhi kwenye bahasha. Usimwite mtuhumiwa "kufafanua". Usimwambie mtoto arudie mbele ya mwalimu mkuu, kisha mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha mbele ya baba. Kila anaporudia, ushahidi wake unachakaa, naye mwenyewe anaumia upya.

Kama tendo ni la karibuni, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba kwa binti aliyevunja ungo inawezekana ndani ya saa 120. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si kaveera, yaani mfuko wa plastiki, maana unyevu huziharibu. Polisi hutoa fomu 3A kwa ajili ya uchunguzi wa daktari. Na daktari akiandika kuwa hakuona jeraha, msimwite mtoto mwongo: watoto wengi walioumizwa hawana alama mwilini, hasa siku zikishapita. Asiyejua pa kuanzia apige 116, simu ya watoto ya Sauti, bila malipo. Sheria ya Watoto, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, imetuwekea wajibu wa kuripoti sisi tunaofanya kazi na watoto, kwa hiyo lile pendekezo la kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi wawili si letu kulikubali. Na wavulana msiwasahau. Mpaka mwaka 2007 sheria ya unajisi iliwatambua wasichana peke yao, na masikio yetu bado yako kule nyuma.

Nina jambo moja la hasira. Nimewahi kuona mchoro wa mtoto ukizunguka kwenye kundi la WhatsApp la walimu, jina la mtoto limeandikwa pembeni, chini yake vijiuso vya kulia machozi. Aliyeutuma alikuwa mtu mwenye huruma. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua, na aliyeshukiwa alikuwa amevuka mpaka. Karatasi hiyo ilikuwa ya mtoto. Si yetu kuionyesha.

Zoezi la mwisho siku ile halikuwa na michoro ya kuchambua. Tulikaa wawili wawili, mmoja mtoto mwenye kalamu, mwingine mtu mzima, na kanuni ilikuwa moja: ukishasema "ikawaje?", nyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo tena. Mwenzangu alikuwa askari wa kike mwenye miaka kumi na minane kazini, amezoea kuhoji wezi wa ng'ombe. Mara ya kwanza alifika nne, swali likamtoka. Mara ya pili alifika sita. Baada ya chai tulirudia. Akasema "ikawaje?", akaweka mikono chini ya mapaja yake ili isitembee, akanyamaza. Nilihesabu naye. Ilipofika tisa niliona mkono wangu mwenyewe ukiichukua tena kalamu.